Shampuu ya Mama Kijacho

Zuwena alikuwa na drya ya saluni, na mtaa mzima wa Maisaka ulijua kwamba drya ikitoka na mwenyewe anatoka nayo. Jumapili ile, watu waliporudi kanisani, aliingia uwanjani kwa Sadock na drya kwapani, chupa ya kupulizia maji mkononi, na nyuma yake Amos muuza chipsi na wateja wawili ambao bado wana rola kichwani. Hakuwakokota kwa umbea tu. Nyumba ya Sadock ilikuwa imenyamaza wiki ya saba sasa, na hakuna kitu Zuwena alichokiogopa kama nyumba iliyonyamaza.

Sadock, dereva teksi, alikuwa amechuchumaa mbele ya gari lake. Alikuwa amefunga taa mpya, na sasa anataka kuzibandika nailoni, kama protekta ya simu, zisipigwe kokoto zikafubaa kama zile za kwanza.

Habari za taa za kwanza kila mtu alikuwa nazo. Jioni ya mvua, Sadock alimtoa mkewe Careen kwa mama yake mzazi, kijijini Dareda, uchungu umeshashika, na kwa taa zile aliendesha kwa kupapasa. Wakafika hospitali wamechelewa, mtoto akatoka kimya. Tangu hapo Careen alijifungia chumbani, wala hakumpa mumewe hata neno. Sadock aliona taa ndizo zilizomnyima mtoto na mke.

"Fundi wa kwenye simu!" Amos akamtania. "Mbona hiyo uliyobandika jana imetoka malengelenge kama tetekuwanga?"

"Maji matupu hayatelezi vizuri," Sadock akasema, macho kwenye video. "Wanasema utie matone ya shampuu ya mtoto."

"Tia sabuni ya unga."

"Ikwaruze taa?" Zuwena akadakia. "Wewe akili imekaangwa pamoja na hizo chipsi!"

Watu wakacheka. Hata Sadock mdomo ulimcheza kidogo, na Zuwena, kwa furaha ya kuuona mdomo ule, akageukia dirisha la chumbani akapaza sauti kama alivyozoea:

"Mama Kijacho! Hebu tuletee ile shampuu ya mtoto!"

Neno lilishatoka. Miezi mitano uwanja mzima ulimwita Careen hivyo, kama anavyoitwa mjamzito yeyote, na hiyo shampuu Zuwena ndiye aliyekwenda naye sokoni kuinunua. Tangu msiba walikuwa wakimwita "dada", au hawamwiti kabisa. Amos akatazama viatu vyake. Mmoja wa wale wa rola akanong'ona, "Yesu wangu." Zuwena alijiziba mdomo, lakini mkono ulichelewa. Kwa mara ya kwanza maishani alitamani awe kwake, peke yake, mlango umefungwa.

Mlango wa chumbani ukalia. Careen akatoka, khanga kiunoni, amepungua mpaka shingo imekuwa ndefu. Alishika chupa ya shampuu, kifuniko bado kina utepe wa dukani.

"Shikamoo, Mama Tariq," akamwambia Zuwena.

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe, huu mdomo wangu..."

"Siitwi hivyo tena. Kijacho alishakuja." Sauti yake ilikuwa kavu kwa kukaa bila kutumika. "Nilimpa jina palepale kitandani. Clemence. Hakuna aliyeniuliza."

Sadock akasimama. Yeye na wanaume wenzake ndio waliozika, na msalabani waliandika "Mtoto wa Sadock", basi.

Careen akauma utepe, akautema, akadondosha matone matatu ndani ya chupa ya maji aliyoshika Zuwena, akaichukua, akaitikisa.

"Halafu siyo taa, Baba Clemence. Siku ile hakucheza tumboni tangu asubuhi. Nilijua. Nikasema labda amelala, nikanyamaza. Hata ungekuwa na taa za ndege, usingemkuta hai."

Sadock akaipokea ile chupa ya maji. Akaloanisha taa, akaichukua nailoni, akaiweka juu yake. Careen akachuchumaa, akashika kona ya pili.

Zuwena akaona mabega ya Sadock yameanza kutikisika. Alikijua kilio kinachofuata, na aliyajua masikio yaliyokuwa yamesimama nyuma yake, hata yake mwenyewe. Akachomeka drya kwenye waya wa umeme uliotoka dirishani, akaiwasha mpaka mwisho. Ikanguruma, ikameza kila sauti. Joto likainua harufu ya shampuu, na uwanja wote ukanukia mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Midomo ya Sadock na Careen ilikuwa ikienda. Amos akasogea, ametega sikio.

"Rudi nyuma!" Zuwena akamfokea. "Inaunguza!"

Nailoni ilishakauka kitambo, na pembeni ilianza kujikunja kwa moto. Zuwena hakuizima drya.