Picha Isikatike

Solange alijifungua mtoto wa kike saa nane za mchana, bila shida yoyote. Kondo la nyuma lilitoka lote. Mkunga Pétronille alikuwa ameshaanza kunawa mikono alipoona damu ikidondoka chini ya kitanda, kwanza matone, halafu mfululizo.

Alimdunga sindano ya kukaza kizazi. Akamkanda tumbo kwa nguvu. Akadunga sindano ya pili, ya mwisho aliyokuwa nayo. Damu haikupungua.

Kituo cha afya kilikuwa nyumba ya mbao msituni, kilomita arobaini kutoka hospitali ya Walikale. Mvua ilikuwa imevunja daraja tangu Jumapili, na pikipiki hazikuwa zikipita. Hali hii Pétronille aliijua. Miaka minne nyuma, mtandao ulikuwa unashika kilimani tu. Siku hiyo alimwacha mama mmoja aliyevuja damu hivihivi, Muhawenimana, mikononi mwa dada wa huyo mama, akapanda mbio kumpigia daktari. Sauti ilikatikakatika. Daktari alimweleza la kufanya, naye hakuelewa hata nusu. Aliposhuka, Muhawenimana alikuwa ameshafunikwa kitenge usoni.

Mwaka jana mafundi walikuja kubadilisha mitambo ya mnara. Sasa watu walikaa barazani kwao wakiona nyuso za ndugu zao wa Goma kwenye simu. Pétronille mwenyewe hakuwahi kuitumia simu hiyo ya picha kwa kazi. Kwa kidole chenye damu, akampigia Dokta Luc, daktari wa Walikale, akaiegemeza simu ukutani.

Uso wa Luc ukatokea, safi kabisa.

"Dokta, damu iko inatoka mingi! Sindano zote zimeisha!"

"Tuliza roho, Mama Pétro. Nionyeshe."

Lakini mkono wake mmoja sasa ulikuwa ndani ya Solange, na wa pili ulikandamiza tumbo; hakuweza kushika simu. Nje walikuwepo watu wawili tu: mama mzee aliyembeba mtoto, macho yake yameingia ukungu, na Nestor, mume wa Solange.

"Papa Nestor! Ingiya!"

"Mama, mi niko muwindaji," Nestor alijibu nyuma ya mlango. "Siwezi kuona damu ya kuzaa. Pori itanifungia, sitapata tena nyama."

"Bibi yako iko anakufa! Ingiya!"

Aliingia kinyumenyume, akashika simu, uso ameugeuzia ukutani.

"Niko naona mabati tu," sauti ya Luc ilisema. "Nani anashika telefone?"

"Ni bwana yake."

"Papa, geuka. Kama haugeuke, siwezi kumusaidia."

Nestor alinong'ona kitu kwa lugha ya kwao, labda kuwaomba radhi wazee wake. Kisha akageuka. Alipoona kitanda, akaegemea ukuta, lakini simu hakuiangusha.

"Vizuri. Mama Pétro, uko na kondomu? Na sonde ya mukojo?"

"Iko."

"Twaa na uzi, na chupa ya serumu. Papa Nestor, weka ngumi yako pale mukono ya Mama Pétro iko, kandamiza tumbo. Mukono ingine ishike telefone. Sasa angalieni mikono yangu."

Pétronille aliutoa mkono, akavitwaa; kule Walikale, Luc alichukua vifaa vilevile. Akavisha kondomu kwenye ncha ya sonde, ule mpira mwembamba wa kutolea mkojo, akazungusha uzi. "Njo hivi. Itaingia ndani ya kizazi, utaijaza maji, nayo itakandamiza pale damu inatokea. Funga..."

Ngurumo ikapiga. Kwenye pembe ya kioo, alama ya 4G ikageuka kuwa herufi moja, E, ileile ya mtandao wa zamani. Picha ikaganda, vidole vya daktari vikiwa vimeshika uzi. Sauti nayo ikapotea.

"Dokta? Dokta!"

Mvua ilianza kupiga mabati. Solange alikuwa amefumba macho, midomo imekuwa ya kijivu. Pétronille alikumbuka ule mteremko wa kilima, namna alivyokuwa akiteleza huku anajua kwamba amechelewa. Akaitazama ile picha iliyoganda, akafunga uzi kama vidole vile vilivyofunga. Akaingiza mpira, akaanza kuijaza kondomu maji ya ile chupa ya serumu. Lakini ajaze kiasi gani? Mililita mia moja. Mia mbili. Angepita kiasi, je, kizazi kingepasuka? Hakujua. Alitamani kulia.

"...unanisikia? Mia tatu, mama! Ongeza polepole mpaka damu isimame!" Sauti ya Luc ilikuwa imerudi, na picha nayo.

Mia tatu. Mia tatu na hamsini. Mia nne.

"Iko inaisha?" Nestor aliuliza. Yeye, Pétronille, na Luc kwenye kioo walitazama shuka. Doa halikupanuka tena.

Luc hakukata simu hadi jioni. Kila dakika kumi aliagiza mapigo ya moyo yahesabiwe, na kila mara Pétronille aliogopa kuweka vidole kwenye kile kifundo cha mkono, asije akakikuta kimya.

Asubuhi wanaume sita walimbeba Solange kwa tipoyi, machela ya kubebwa mabegani, wakavuka naye mto kwa miguu, maji yakiwafika kifuani. Ng'ambo pikipiki ilikuwa ikingoja. Hospitalini aliongezewa damu chupa mbili, na siku ya kumi na mbili akarudi na binti yake mgongoni.

Pétronille alisikia vigelegele, lakini hakutoka mara moja. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda kile, akamkumbuka Muhawenimana, ndipo akaenda kumpokea Solange.