Vidole Kwenye Gia

Mwoka mikate yule watu walimwita Hamira, kwa jinsi tumbo lake lilivyoumuka tangu aoe. Siku hiyo umeme ulikatika asubuhi, unga ukiwa bado kwenye mashine ya kukandia. Hamira akaona afadhali asikae bure. Akafungua kifuniko cha ubavuni, akachovya kitambaa kwenye grisi, akaanza kupaka meno ya gia. Kuzima swichi alikuwa amesahau.

Umeme ukarudi.

Mkewe, aliyekuwa akipanga mikate rafuni, alisikia mashine ikinguruma, kisha mumewe akapiga ukelele ambao hakuwahi kuusikia. Alichomoa plagi ukutani kwa nguvu hadi akaanguka nayo. Mashine ikasimama. Lakini kitambaa kilikuwa kimekwisha kuvutwa ndani, na ncha za vidole viwili vya Hamira pamoja nacho.

"Usivute!" mkewe alilia. "Usivute, baba watoto! Namwita mdogo wangu."

Mdogo wake huyo alikuwa fundi wa mashine, na karakana yake ilikuwa ng'ambo ya barabara. Alikuja mbio, spana mkononi. Alimkuta seremala jirani ameshafika na mtaimbo, anatafuta pa kuupenyeza.

"Weka chini mtaimbo, kaka," fundi alisema. "Gia hii hairudi kwa kusukumwa. Shafti ndiyo inayoizungusha gia. Gia haiwezi kuizungusha shafti. Ukikandamiza hapo, kitakachoachia ni kidole."

Seremala aliuweka chini taratibu, kama mtu aliyeambiwa ameshika nyoka.

Fundi akapiga magoti. Shafti ilikuwa imechongwa mizunguko kama ya parafujo nene, na meno ya gia yamekaa katikati ya mizunguko hiyo. Alilegeza nati za mota, akavua mkanda, puli, lile gurudumu la mkanda lililo mwishoni mwa shafti, ikabaki huru mikononi mwake. Sasa aizungushe upande gani? Akikosea, atamvuta shemeji yake ndani zaidi. Alipitisha kidole juu ya mizunguko ile, akifuata mlalo wake, midomo ikimchezacheza.

"Una hakika?" dada yake alinong'ona.

"Nadhani ninayo, dada. Lakini sitaki kudhani. Shemeji, nisikilize: meno haya yana ulegevu kidogo. Nitaigusa puli tu, gia yenyewe haitasogea. Wewe uniambie kama inabana au inalegea."

"Wewe fanya. Mimi hapa nishakufa zamani," alisema Hamira, jasho likimchuruzika kidevuni.

Akaigusa puli.

Hamira alikuwa amefumba macho.

"Imelegea," alisema. Kisha kwa sauti iliyofika barabarani: "Imelegea, shemeji! Hukohuko!"

Fundi akaendelea, polepole, mikono yote miwili ikiikumbatia puli. Ilibidi aizungushe mzunguko mzima ili gia isogee jino moja tu, na mara hii alishukuru kwa uvivu huo wa gia. Kitambaa kikaanza kujitokeza, kimechanika na kunata grisi. Nyuma yake vikafuata vidole.

Mke wa Hamira aliudaka ule mkono.

"Kunja."

Hamira akakunja.

"Kunjua."

Akakunjua. Vyote vilitii, ingawa kimoja kilikuwa kimeanza kuwa cheusi.

Seremala akamsogezea fundi gunia la unga, naye akakaa hapo akijifuta grisi mikononi.

Kwenye zahanati, muuguzi alivigeuzageuza vidole kwenye mwanga. Mifupa mizima, alisema. Ukucha mmoja utang'oka, nao utaota mwingine. Kile kitambaa kilichojikunja ndicho kilichobeba uzito wa meno ya gia.

"Hebu rudia," Hamira alimwambia.

"Mifupa mizima, mzee."

"Mke wangu yuko nje na mdogo wake. Kawaambie na wao, hivyohivyo ulivyosema."

Muuguzi akatoka akawaambia. Mke wa Hamira alimwegemea mdogo wake, akacheka huku machozi yakimtiririka, asijue afute lipi.

Wakarudi nyumbani kwa miguu, watatu, hawana haraka. Hamira alimpungia mkono wenye bandeji kila waliyepishana naye, hata wasiomjua, nao walimpungia.