Kiapo cha Fatu

Meli ya mahujaji ilikuwa iondoke Mombasa baada ya wiki tatu, na Muhiba alikuwa amebakiza karatasi moja tu. Picha alishapigwa, kakodoa macho kama mtu aliyekamatwa. Cheti cha chanjo alikuwa nacho, mkono bado umevimba. Iliyobaki ni pasipoti, na kwa kuwa hakuna aliyeandika siku ya kuzaliwa kwake pale Pumwani, mkubwa wa ukoo alitakiwa aape mbele ya karani kwamba anamjua tangu tumboni. Mkubwa aliyebaki hai ni mmoja: dada yake, Fatu.

Huyo Fatu ndiye aliyekwenda kuolewa Machakos akamwacha mwanawe Haidari hajaota meno. Muhiba, mjane asiyejaliwa mtoto, ndiye aliyemwosha, akamlea, akampeleka chuoni, hadi leo Haidari ni mtu wa reli mwenye yunifomu. Alipopata likizo, akasema atampeleka Makka mama mdogo kwanza, yeye mwenyewe awe maharimu wake, kwani mwanamke haendi hija bila mume au mwanamume wa damu yake. Kwanza! Neno hilo Fatu hakulisamehe. Hata hivyo alipoombwa aje kuapa alikubali upesi, akaja na buibui jipya. Mtu mwingine angeshtuka. Muhiba alimpikia pilau.

Jumanne asubuhi wakasimama watatu, wao na Haidari, mbele ya karani Otiende, mtu wa miwani na adabu zake.

"Mama, huyu ni ndugu yako? Baba mmoja, mama mmoja?"

Fatu akaweka mkono juu ya msahafu. "Wallahi, siwezi kusema uongo. Si ndugu yangu. Baba alirudi naye kutoka safari ya Kibwezi, mwaka wa njaa. Ni mtoto wa kuokota."

Muhiba alicheka. Kisha akaona Fatu hacheki.

"Dada, miaka yote hii..."

"Hakuna aliyeniuliza. Leo nimeulizwa."

Otiende aliinua kalamu yake kutoka kwenye fomu. "Pole, mama. Hapa kwa wazazi sina la kuandika." Akamrudishia picha zake.

Nje, Haidari alimgeukia Fatu, akitokwa jasho. "Mama, bibi hakumnyonyesha? Hata siku chache? Kama alinyonya kwa bibi, kwa sheria ya dini bado ni mama yangu mdogo. Tutasafiri hata mwakani."

Swali hilo Fatu alikuwa akilingojea. "Alikuja anatembea, meno tele kinywani, anakula ugali. Anyonye nini?" Akautengeneza ushungi wake. "Wewe umesoma, mwanangu. Huyu ni mwanamke baki kwako, hata kumshika mkono huruhusiwi. Ila mimi mama yako nipo. Picha nimeshapiga."

Alisema hayo kwa utulivu, kama anayeagiza sukari dukani. Mungu atuepushe na watu wa namna hii.

Muhiba alijikwaa kwenye ngazi. Haidari alinyoosha mkono amdake, kisha akaurudisha.

Jioni Muhiba alikuwa amekaa chumbani kwake, buibui hajalivua, aliposikia hatua anazozijua. Zikasimama nje. Tangu ajue kutambaa, Haidari aliuingia mlango ule bila kuuliza, akafunua sufuria kabla ya salamu. Sasa alikohoa kwanza, akabisha.

"Hodi," alisema.

Muhiba akalivuta buibui mpaka machoni, ndipo akajibu, "Karibu."