Mbuzi wa Bi Rozalia

Kwa miaka minne Skolastika, mfamasia wa Gungu, alikuwa akitafuta sindano ya goti ambayo dawa yake haiishi kwa siku mbili. Aliifungia dawa ndani ya chembechembe laini kuliko unga wa muhogo, ziyeyuke taratibu ndani ya kiungo. Michanganyiko kumi na mmoja ilimshinda. Yote ilimwaga dawa kwa mkupuo. Wa kumi na mbili ulitulia. Akapata kibali cha kuujaribu kwa mbuzi wenye magoti mabovu.

Mmoja alikuwa wa Bi Rozalia, mjane wa kijiji cha Mwamgongo. Mbuzi huyo alikuwa amechechemea mwaka mzima, analetewa majani pale alipolala. Castory, daktari wa mifugo, akamdunga goti la mbele.

Wiki ya sita, Skolastika na Castory walipanda boti kwenda kuchukua ute wa lile goti wakaupime.

"Shikamoo, mama," Skolastika alisema. "Mgonjwa wetu yuko wapi?"

"Marahaba. Mgonjwa sina tena."

Skolastika akauliza kwa hofu: "Alikufa lini?"

"Nani kasema kafa? Yuko juu ya jiko la jirani, anakula nyasi za paa."

Kweli alikuwa huko. Alipomwona Castory na sindano yake, aliruka chini, akapita katikati ya dagaa walioanikwa, akashika njia ya ufukweni. Wakamfuata. Castory alidaka hewa mara mbili. Skolastika aliteleza, akaketi majini na koti lake jeupe, na cheko likambana hata akashindwa kuinuka.

"Skolastika, utacheka baadaye, mzibie huko," Castory alimwambia, naye machozi ya kicheko yakimtoka.

Mwishowe Bi Rozalia alimshika mbuzi wake kwa maganda ya muhogo, bila haraka, na Castory akauchukua ute.

Kesho yake Skolastika aliupima ule ute mara tatu, maana hakuamini. Kisha akampigia simu Castory, aliyekuwa kwa fundi cherehani mtaa wa Mwanga, akipimwa suruali.

"Ipo," alisema. "Wiki sita, na dawa bado imo gotini."

Castory akaitia simu mfukoni. Alimkumbatia fundi pamoja na futi yake, akamzungusha dukani mpaka wateja wakaanza kupiga makofi bila kujua wanashangilia nini.