Vibarua wa Kukaa

Githongo alipofungua geti dogo saa moja kasorobo, vibarua walikuwa wamekwisha kujipanga ukutani, wameupa upepo mgongo. Msimamizi huyo hakuwaangalia usoni. Aliwaangalia mwilini, kama mnunuzi wa ng'ombe siku ya mnada.

"Wewe. Wewe mama. Wewe mrefu... hapana, umekonda. Wewe hapo nyuma, ingia."

Waliochaguliwa kwanza hawakuwa wenye nguvu, wala wenye ujuzi. Walikuwa wanene.

Ukitaka kucheka, cheka, lakini ndivyo mambo yalivyokuwa katika kiwanda kile cha mabati cha Kitengela mwaka wa 2003. Chuma kilifika kimekunjwa kama mkeka, na kila mkunjo, ambao wafanyakazi waliuita koili, ulikuwa na uzito wa karibu tani tatu. Foklifti ya pale ilikuwa moja tu, na iliundwa kuinua tani mbili na nusu. Mashine kubwa zaidi ni ghali. Watu walikuwa bei rahisi. Basi kila koili ilipoinuliwa kwa mbele, vibarua wanne walipanda nyuma ya foklifti na kuketi, ili mkia wa mashine usinyanyuke. Waliitwa vibarua wa kukaa, na kukaa kulilipa kidogo zaidi kuliko kubeba.

Maweu, dereva, alikuwa ameshawasha injini. Alisikia mtu akihema na kupanda nyuma yake. Hakuhitaji kugeuka ili kumjua.

"Umeamkaje, dereva?"

"Nimeamka salama, mama. Umekuja na gunia leo?"

"Nimekuja nayo. Hii chuma ikishika moto inanipika kama chapati," alisema Rahab, akalikunja gunia lake na kulikalia. "Unajua jana kliniki wameniambia nini? Ati nipunguze mwili, presha iko juu. Nikawaambia, daktari, nikipunguza mwili Githongo ataniacha kwa geti. Sasa watoto wakule presha?"

Naliaka na Musila, waliokuwa wamekaa kando yake, walicheka. Maweu naye alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Nafasi ya nne, ambayo sasa ilikaliwa na kibarua mgeni, ilikuwa ya Nzuki, na leo ilikuwa siku ya kumi na mbili tangu Nzuki alazwe hospitalini.

Ilitokea mchana mweupe. Gurudumu la mbele liliingia katika ufa wa sakafu, koili ikachezacheza, mkia wa foklifti ukanyanyuka, wale wanne wakamwagika kama viazi. Watatu waliinuka wakijipangusa. Nzuki hakuwahi kuuvuta mguu wake kabla gurudumu halijarudi chini. Madaktari walisema mguu ungeweza kuokolewa kwa operesheni ya pili, na operesheni hiyo ilingoja fidia ya kiwanda. Kiwanda nacho kilikuwa na hadithi yake. Kilisema Nzuki alikuwa akicheza.

Jumapili iliyofuata fundi wa rangi aliitwa. Sasa ukutani paliandikwa kwa herufi nyekundu: NI MARUFUKU KUPANDA FOKLIFTI. Jumatatu asubuhi vibarua wanne walipanda foklifti mbele ya maandishi hayo, rangi ikiwa bado inanuka.

Waliinua koili mbili asubuhi ile. Ya tatu Githongo aliizuia.

"Shukeni wote, mshike mafagio. Mkaguzi wa serikali anakuja saa nne. Maweu, kuna karatasi kwa ofisi, utaweka saini. Ni maneno fupi tu."

"Inasema nini?"

"Inasema ukweli. Wewe weka saini."

Maweu alizima injini, akabaki kitini. Kando ya goti lake palikuwa na kibati kidogo kilichopigiliwa misumari, cha kuonyesha uzito ambao mashine inaruhusiwa kuinua. Mtu alikuwa amekipaka rangi ya njano, pamoja na kila kitu kingine. Kila alipokiona kibati kile aliona haya, na kila alipoona haya alimkumbuka Mzee Amolo.

Nani aliyefanya kazi upande wa Athi River miaka ya tisini mwanzoni, asimkumbuke Mzee Amolo? Alikuwa mwalimu wa madereva katika kiwanda cha zamani, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, na watu wa kwao walimwita Japuonj, yaani mwalimu, hadi sisi wengine tukadhani ndilo jina lake la ubatizo. Alimpokea Maweu mwaka wa 1992, kijana kutoka Machakos aliyedhani kuendesha ni kukanyaga. Wiki mbili nzima hakumpa ufunguo. Alimpa kitambaa.

"Zunguka," alimwambia. "Gusa tairi. Gusa cheni. Gusa meno ya kuinulia. Angalia chini kama kuna mafuta imemwagika. Halafu uje uniambie kama yeye ameamka mzima."

Foklifti kwake ilikuwa "yeye". Alieleza kwamba ni mizani tu, kama ile ya muuza sukari: magurudumu ya mbele ndiyo kitovu, mzigo upande huu, uzito wa mashine upande ule. Ukizidisha huku, kule kunapanda. Na mizani hiyo, alisema, haijui huruma, haijui mkubwa ni nani, haijui mwisho wa mwezi umefika.

Siku ya mtihani aliweka kikombe cha chai, kimejaa pomoni, juu ya mbao za kubebea mzigo. Maweu alipaswa kuzunguka uwanja wote, meno chini, honi kila kona, bila kumwaga tone. Mara ya kwanza alimwaga chai yote. Mara ya nne alimfikishia mzee kikombe, na mzee akakinywa pale pale, polepole, akiegemea mashine, wafanyakazi wakipiga makofi. Kawia ufike, alisema. Hapo ndipo alipompa ufunguo.

Ah, zile siku! Tusidanganyane kwamba mshahara ulikuwa mkubwa, haukuwa. Lakini mtu alipewa viatu vyenye chuma puani, na kila Ijumaa vilikaguliwa. Jina lako lilikuwa kwenye kitabu, na la mke wako, na la mtoto wako. Saa saba mlikaa nje kwenye nyasi na kuona nyumbu wakipita kwa mamia kuelekea mbugani, maana Kitengela haikuwa na ua wala ploti kila hatua kumi. Mzee wa Kimaasai alipitisha ng'ombe wake nyuma ya kiwanda, akaita "Sopa!", nanyi mkaitika "Ipa!", mkaendelea kula. Siku moja meneja mwenyewe alikuja mbio na mzigo wa haraka, akataka koili mbili zinyanyuliwe kwa mpigo. Mzee Amolo alichomoa ufunguo, akautia mfukoni, akaenda kunywa maji. Meneja alifoka nusu saa. Kesho yake alimwomba mzee msamaha mbele ya watu.

Kiwanda hicho cha zamani kilifungwa mwaka wa 1998. Maweu alimsindikiza mzee hadi kwenye basi la kwenda Ugenya, akambebea godoro. Miaka mitatu baadaye alipata habari kwamba amefariki, na kwamba mazishi yalikwisha kupita. Jambo hilo lilimuuma kuliko kufungwa kwa kiwanda. Linamuuma hata leo.

Mkaguzi alifika saa tano na robo. Alikuwa mtu mstaarabu, shati jeupe, miwani, faili kwapani. Alipewa soda baridi na kiti kivulini, mlangoni mwa ghala, karibu na maandishi mekundu. Aliyasoma, akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaandika kitu.

"Wewe ndio dereva?"

"Ndiyo, mkubwa."

Githongo aliiweka karatasi iliyopigwa chapa juu ya pipa. Maweu aliisoma mara mbili. Ilisema kwamba yeye, dereva, alimkataza Nzuki kupanda foklifti. Kwamba Nzuki alipanda kwa hiari yake akifanya mzaha. Kwamba alianguka kwa uzembe wake mwenyewe.

"Sasa hii ni maneno ya nani?" aliuliza.

"Ni yako," Githongo alisema. Kisha akamsogelea na kupunguza sauti. "Maweu, sikia. Nani alikuwa kwa usukani? Ni wewe. Kama si makosa ya Nzuki, basi ni makosa ya dereva. Ya tatu hakuna. Weka saini, uende ule."

Kweli mwenye nguvu mpishe. Maweu aliishika kalamu. Alifikiria chumba chake kule Kisaju, na mkewe aliyekuwa mjamzito wa miezi saba. Alifikiria geti lile, na yeye akiwa nje yake saa moja kasorobo, amekonda, akipitwa. Aliogopa, wala tusimwonee. Mtu yeyote angeogopa.

Lakini alikuwa amekwenda hospitalini Jumapili. Nzuki hakumlaumu kwa neno. Alimuuliza tu kama koili ilipata mkwaruzo, kwa sababu alisikia wanakata watu pesa ikiwa na mkwaruzo.

"Mkubwa," alimwambia mkaguzi, "nipe karatasi isiyoandikwa kitu. Niko na maneno yangu."

Githongo alicheka kwa pua. Mkaguzi alimtazama Maweu kidogo, kisha akachomoa karatasi moja katika faili.

Maweu aliandika amesimama, polepole, kwa mwandiko wa shule ya msingi. Aliandika kwamba koili ilikuwa karibu tani tatu. Kwamba alijua foklifti haiwezi, maana alifundishwa, na mwalimu wake alikuwa mzuri. Kwamba watu wanne walikaa nyuma kwa amri ya msimamizi, kama kila siku, na yeye akainua, kama kila siku. Kwamba Nzuki hakucheza. Akaweka saini na nambari ya kitambulisho.

Mkaguzi alisoma, akavua miwani.

"Unajua umejishtaki mwenyewe?"

"Najua."

"Hii peke yake hainisaidii. Ni neno lako na neno la kampuni. Nani mwingine aliona?" Alimgeukia Githongo. "Nipe daftari la wafanyakazi wa hiyo siku."

Daftari lililetwa haraka ajabu, kama lililokuwa likingoja mlangoni. Mkaguzi alipitisha kidole, akageuza ukurasa, akarudi.

"Hapa kuna dereva, msimamizi, watu wa mashine, mlinzi. Hao wa kukaa wako wapi?"

"Hao ni vibarua, mkubwa," alisema Githongo. "Majina yao tunaandika asubuhi kwa kakaratasi, jioni tunatupa. Hatuwezi kujaza kitabu na watu wa siku moja."

"Basi kwa kitabu, nyuma ya hiyo foklifti hakukuwa na mtu." Mkaguzi alisema hivyo bila ubaya wowote, kama mtu anayesoma hali ya hewa. Akaanza kufunga faili. "Nitaandika hakuna shahidi."

Fagio lilianguka sakafuni.

"Mimi nilikuwa," alisema Rahab.

Alikuwa amesimama hatua tano tu kutoka pale, mama mzima wa kilo tisini na tano, jasho shingoni, na hakuna aliyekuwa amemtazama.

"Nilikuwa upande wa kushoto, Nzuki upande wangu wa kulia. Alinishika mkono akianguka. Iko hapa alama." Akakunja mkono wa sweta.

"Rahab," Githongo alisema, "chunga kibarua yako."

"Kibarua gani? Si umesema siko kwa kitabu? Basi nifukuze, nione utafuta nini."

Mtu mmoja alicheka kwa nyuma, akanyamaza upesi. Mkaguzi alikuwa bado ameshika faili, nusu wazi. Maweu alimwangalia Rahab. Miaka miwili mama huyu alikuwa amepanda nyuma yake kila asubuhi, akimwachia uhai wake na wa watoto wake, naye hakuwahi kumuuliza hata jina la pili. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Aliinyosha karatasi yake juu ya pipa, akachukua kalamu tena.

"Rahab nani, mama?"

"Rahab Mukonyo."

Akaandika: Rahab Mukonyo, alikaa kushoto.

"Naliaka," alisema Naliaka, akisogea. "Katikati."

Maweu aliandika. Musila aliangalia chini, akaangalia geti, akachukua ndoo na kwenda bombani. Hakuna aliyemwita. Alikuwa na watoto watano, na kila mtu alilijua hilo. Lakini mwanamume mwingine, ambaye siku ya ajali hakuchaguliwa kabisa, alitoka kwenye mstari wa mafagio.

"Mimi sikuwa hiyo siku. Lakini mwezi wa pili nilikaa wiki tatu. Utaniandika?"

"Mwandike," Rahab alijibu kabla ya dereva.

Wakaja mmoja mmoja, wengine wakifuta mikono kwenye suruali kana kwamba watapewa mkono. Kila mmoja alitaja jina lake lote, la ubatizo na la baba, na mwezi aliokaa. Githongo alikwenda ofisini kupiga simu. Sauti yake ilisikika dirishani, na kila mtu pale alijua kesho geti litafunguliwa kwa watu wengine. Maweu alijua hata foklifti ingepata dereva mwingine kabla ya saa sita.

"Inatosha," mkaguzi alisema, akitazama saa. Miwani ilikuwa bado mkononi. "Karatasi imejaa."

Kwenye foleni walibaki watu saba.

"Igeuze," alisema Rahab. "Iko na upande mwingine."