Nguzo Zilizochipua

Mosi binti Kibwana aliinunua nyumba ya Hatibu kwa pupa, na baadaye pupa hiyo aliidharau kuliko alivyomdharau Hatibu mwenyewe.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu reli ya Wadachi ifike Morogoro. Kila aliyeshika rupia mbili tatu alitaka bati juu ya kichwa chake, na Mosi alizishika nyingi zaidi, kwa kuwapikia vibarua wa reli wali na maharage hadi macho yakawa mekundu kwa moshi. Hatibu alijenga nyumba na kuziuza zikingali zinanuka chokaa. Kazini alivaa kanzu nyeupe, jambo ambalo peke yake lingemtosha mwenye akili. Fundi gani hana tope hata ukuchani?

Mjomba wake Mosi, mzee Mwinjuma wa Mlali, alikuwa amemwambia asubiri mavuno yaishe, ashuke na ndugu kumjengea. Mosi akamjibu kuwa watu wa mjini hawajengi, wananunua.

Masika yakaja. Kwanza mlango ulikataa kufunga. Kisha asubihi moja, akifagia, Mosi aliona jani bichi ukutani. Akadhani limeletwa na upepo, akalivuta. Halikutoka. Alipokwangua chokaa kwa kisu, akakuta nguzo ya mbono, mti wa kuchomeka uani kuwa ua, ambao hata kipofu wa Mlali anajua kuwa ukiuchomeka utaota. Akakwangua pembe zote nne. Mbono, mbono, mbono, na wa nne ulikuwa umeoza. Alikuwa amenunua ua uliopakwa chokaa.

Alimfuata Hatibu barazani kwake.

"Nyumba yako imeota majani."

"Nyumba mpya hutulia polepole, Bi Mosi," alisema Hatibu bila kusimama. "Ni kama bibi harusi."

"Bibi harusi hachipui."

"Basi nitakutafutia mnunuzi. Kuna karani wa boma, Gabrieli, anautamani sana mtaa huu. Wewe paka chokaa, ukae kimya."

Mosi hakupaka chokaa. Karani alikuja amevaa viatu vya kung'aa, Hatibu nyuma yake. Akagonga bati kwa fimbo, akasikiliza mlio wake, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ukuta hakuugusa. Majani aliyaona, akasema yanapendeza, yanapoza macho. Mosi alimtazama akajiona mwenyewe alivyokuwa miezi michache nyuma.

"Bwana karani," alisema, "hebu sogea." Akasukuma kidole gumba kwenye pembe ile iliyooza. Udongo ukamwagika juu ya viatu vinavyong'aa, na nguzo ikabaki wazi, laini kama muhogo uliovunda. "Huu ni ua. Ukiutaka, nitakuuzia kwa bei ya ua."

Karani alikasirika, lakini si kwa Hatibu. Alimwambia Mosi kuwa hana adabu, akatoka akipangusa viatu. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa amenunua nyumba nyingine ya Hatibu, mtaa wa pili. Mosi alipopata habari hakucheka. Mtu wa namna ile hafai hata kuchekwa.

Ilibaki kutuma salamu Mlali, na hilo ndilo lililomchoma. Mzee Mwinjuma aliteremka na wapwa zake watano, majembe begani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

Akaizunguka nyumba mara moja, akatema mate, asiseme neno. Angemsema, Mosi angejitetea. Wakashusha bati, wakabomoa kuta, wakasimamisha nguzo za mpingo walizozikata wenyewe. Mosi alikanyaga udongo kwa miguu yake mpaka magoti yakamuuma, na usiku alilala kwa jirani yake Asia, ambaye kwa huruma alimwambia kila siku kuwa nyumba ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi.

Kipupwe kilipoanza, nyumba ilikuwa imesimama. Mosi hakuipenda. Adhuhuri bati lilichemka kama sufuria, na kiwanja kilikuwa bondeni. Lakini mlango ulifunga.

Siku ya kuondoka, mjomba alisema, "Mwakani ukitaka kununua kitu, niulize."

"Nitakuuliza, mjomba."

"Hutauliza," alisema mzee Mwinjuma, akaweka jembe begani, akashika njia ya Mlali.