Kumgongea Wilf

Kama kila Jumatano saa nane mchana, Mavis Thirkell aliita majina akiwa amesimama katika ukumbi wa kijiji, birika kubwa la umeme likinguruma nyuma yake.

"Norman?"

"Nipo, kwa bahati mbaya yako."

"Wilf?"

Kimya.

"Wilf Brocklesby?"

Sheila na Ken hawakungoja kuambiwa. Walivaa makoti, wakachukua chupa ya chai, wakaenda kumgongea mlango nyumbani kwake.

Chama chao cha wazee kilianzishwa kwa ajili hiyo hasa. Katika baridi ya mwaka 1963, mzee mmoja wa kijiji alikaa siku sita amekufa kitini. Majirani walisikia redio yake inaimba, wakadhani ana raha zake. Wajane watatu waliona aibu, wakaazima ukumbi, wakaanza kuita majina. Keki zilikuja baadaye, na ugomvi wa keki baadaye kidogo.

Mavis alikuwa ameyaandika hayo yote kwenye ukurasa mmoja, kwa sababu halmashauri iliyataka. Ilikusudia kuuza ukumbi, isipokuwa kama siku ya ukaguzi wangekutwa humo watu kumi na wawili. Chama kilikuwa na kumi na wawili kamili. "Hakuna ruhusa ya kufa," Norman alikuwa akiwakumbusha.

Bwana Lomas, mkaguzi wa halmashauri, aliingia na faili kwapani, koti linachuruzika mvua. Akahesabu kwa ncha ya kalamu.

"Tisa."

"Kumi na wawili," Mavis alisema. "Wawili wamekwenda kumgongea wa tatu. Kaa unywe chai, mwanangu, watarudi."

"Fomu inauliza walioketi, mama. Na saa tisa natakiwa kijiji kingine."

"Historia niliyokuandikia umeisoma?"

"Nimeisoma. Inagusa sana. Nimeiambatisha."

"Basi si imo humo? Asiyeitika tunamfuata. Ulitaka tumwache, ili hesabu yako ipendeze?"

"Mimi nihesabu mara mbili," Norman alisema, akijipigapiga tumbo. "Kilo ninazo."

Bwana Lomas nusura acheke. Akaandika 9, akasukuma karatasi mezani. "Sahihi hapa, tafadhali. Rufaa ni ndani ya siku ishirini na nane."

Mavis alikuwa ameshika kalamu simu ilipolia. Alikuwa Sheila. Wilf yuko sakafuni jikoni tangu alfajiri, nyonga imevunjika, anatetemeka. Ambulensi wamesema labda itachukua saa nne kufika.

"Analalamika chai haina sukari," Sheila alisema, kisha akaanza kulia.

Mavis akaweka kalamu chini. Hakuna aliyetoa amri. Huyu alichukua mto wa kiti, yule shali yake, Norman akabeba keki nzima na sahani yake.

"Saa nne nyingine sakafuni," alisema, "mtu anahitaji watu wa kugombana nao."

Wakatoka nje kwenye mvua na fimbo zao, polepole, wameshikana mikono.

"Mama, sahihi!" Bwana Lomas aliita.

"Ukitoka, vuta mlango kwa nguvu," Mavis alijibu bila kugeuka. "Na birika uzime."

Bwana Lomas alibaki na viti kumi na viwili vitupu. Akazima birika. Akaitazama saa yake, akautazama mlango. Kisha, kwa kuwa fomu inauliza walioketi, akaikata ile tisa, akaandika sifuri.